Jaribio la Bure

Tulipomzika Sebastiani kule Bihambwe mvua ilikatiza sala, tukajibana chini ya turubai, wafiwa na wageni bega kwa bega, tukishika vikombe vya chai ya maziwa na viazi vitamu vya moto. Mwanamume mmoja wa makamo aliniuliza kama ni mimi niliyesoma kolezi ya mapadri pamoja na marehemu. Nikakubali. Akawageukia wenzake kwa furaha ambayo haikufaa msibani: "Basi huyu njo ule mwenye alikuta dawa mu munyu ya Walikale! Yeye na Sebastiani!" Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaweka kikombe chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Papa, Mungu akubariki," akasema. "Miye nilikula ile munyu mimba zangu zote." Nilitaka kumjibu. Tangu ujana wangu nimekuwa nikilijibu jambo hilo, kanisani, sokoni, hata mbele ya waganga wa serikali, na sijamkuta mtu aliyebadilisha mawazo kwa ajili ya jibu langu. Hatukukuta dawa yoyote katika chumvi ile. Lakini mvua ilikuwa inapiga turubai, mama amefumba macho kama anayesali, na mimi ni mzee. Nilikunywa chai.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Juu ya kilima kimoja cha Masisi mapadri walikuwa na shule, na baada ya sekondari walifungua mwaka mmoja wa juu wa kemia, kwa ajili ya vijana watakaotumwa kwenye maabara za kahawa, za maziwa na za madini. Chuo kikuu nilikisoma baadaye, nikakaa katika kumbi zenye mizani iliyofungiwa ndani ya vioo, lakini nikiota kemia sioti kumbi zile. Naota chumba kile cha Masisi kilichokuwa ghala la maziwa, chenye sakafu iliyoinama kuelekea mfereji, dirisha moja lisilofungika, na harufu ya mayai mabovu iliyotoka kwenye gesi tuliyotumia kutenganisha metali. Harufu hiyo ilituandama hadi kwenye chumba cha kulia. Wanafunzi wa ualimu walihama meza tulipoingia. "Bantu ya kemia," walisema, "mulikula nini ao mulikufa lini?" Sebastiani, ambaye hakuwahi kuacha neno lianguke bila kulidaka, aliwajibu: "Tulikufa jana, leo tumefufuka, ongezeni maharagwe."

Mwalimu wetu alikuwa Frère Anselme, bruda mrefu mwenye vidole vya njano kwa asidi, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukisema polepole kama anayepanda ngazi. Alitufundisha kutafuta kilichofichika ndani ya maji: unatia asidi ya chumvi, kikianguka cheupe huenda ni fedha au risasi, kisichoanguka unakipitisha kwenye gesi ile ya kunuka, kisichoanguka tena unakwenda nacho mbele, kundi baada ya kundi, hadi kibaki kile kisichoweza kujificha. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza, nikauliza hadi wenzangu wakanibatiza Purkwa, yaani "kwa nini" kwa Kifaransa, na jina hilo Feza dada yangu alilipokea kwa shangwe. Lakini jaribio moja lilituchekesha. Kabla ya kuamini jibu lolote, Frère alitaka turudie kazi yote bila kitu chenyewe: maji yaleyale, dawa zilezile, moto uleule, ila bila madini. Kwa Kifaransa waliita jaribio jeupe. Sisi tuliliita jaribio la bure. "Namna gani muntu anapima bule?" Sebastiani alinung'unika kila mara. "Mama yangu akiweka chungu ya bule juu ya moto, baba atamurudisha kwabo."

Feza alikuwa mkubwa wangu, ameolewa Kingi, chini ya kilima chetu, na Jumapili nilikwenda kula kwake. Alikuwa na rovu. Wanawake wengi wa milima yetu walikuwa nalo, uvimbe wa shingo uliokua kwa kila mimba, na hakuna aliyeuona kuwa ugonjwa. Kuna waliofunga shanga juu yake. Ila mtoto wake wa kwanza, Bahati, hakusikia wala hakusema. Alikuwa mvulana mnene wa uso, mwenye hatua nzito, aliyecheka akiona watu wakicheka. Watu wa Kingi walikuwa na sababu zao: mama alivuka mto fulani akiwa mjamzito, au shangazi hakupewa mbuzi wake. Feza alisikiliza zote na hakuchagua hata moja. Sasa, mwezi wa kumi na mbili, aliniambia huku akimenya viazi kwamba ana mimba tena, changa sana. Hakutabasamu. "Purkwa," akasema, "ule wa kwanza nilimuimbia tangu iko mu tumbo. Ule wa pili siimbi kwanza. Nitangoja nijue kama ananisikia."

Wiki hiyohiyo Frère Anselme alifika kwenye iodi katika masomo. Alisema, kama kitu kidogo cha kupita, kwamba iodi hutoka baharini, na watu wa milima iliyo mbali na bahari hupungukiwa nayo; huko kwao Ulaya, kwenye milima mirefu, shingo za wanawake huvimba na watoto wao huzaliwa viziwi. Darasa likacheka, kila mmoja akimfikiria shangazi yake. "Frère," Sebastiani akauliza, "bamama yetu bote bako mu ile kitabu?" Mimi sikucheka. Nilijiona kama mtu aliyesoma jina lake kwenye ukuta wa mji asioujua. Nilimfuata Frère hadi mlangoni nikamuuliza: ikiwa ni kupungukiwa, si unaongeza? Akasema ndiyo, kwa chumvi, wengine wameanza kuchanganya iodi kwenye chumvi. Nikauliza kwa nini siyo ya kwetu. Alifunga kitabu. "Wewe kijana, kuna maswali ya kemia na kuna maswali mengine."

Wakati wa likizo ya Noeli Sebastiani alinichukua hadi Buleusa, chini kwenye msitu wa Walikale, alikoolewa shangazi yake, Mama Tabita. Kitu cha kwanza nilichokiona pale kilikuwa shingo. Wanawake wa Buleusa walikuwa na shingo zilizonyooka. Nilizitazama kisimani, nilizitazama kanisani, nilizitazama kwenye moshi wa jikoni, hadi nikasikia nyuma ya ukuta wa miti jirani mmoja akimwambia Mama Tabita: "Ule kijana anatuangalia shingo sana. Anatafuta bibi ya kuoa ao anatafuta pa kukata?" Wakacheka hadi mmoja akakohoa. Na tulipokula, ndizi za kupika na uyoga na nyama ya msituni, niliona kwamba hawakutia chumvi ya dukani. Walitia munyu wao wenyewe, wa kijivu, uliofungwa kwenye majani.

Siku iliyofuata Mama Tabita alituonyesha unavyotengenezwa. Majani ya kinamasi yanakaushwa, yanachomwa, majivu yanawekwa kwenye chungu chenye matundu, maji yanamiminwa juu, na kinachodondoka chini, cha rangi ya chai, kinachemshwa hadi kikauke. Nilifurahi kama mtoto: alikuwa anachuja na kukausha kama sisi. Lakini matone ya kwanza yalipoanguka alituashiria tunyamaze, akayakinga kwa kiganja, akayamwaga chini huku midomo yake ikitembea. Mama Tabita alikuwa mwimbaji wa kanisa. Nikamuuliza: "Mama, ulikuwa unamuomba nani?" "Namuomba Yesu." "Na mbona unayamwaga chini?" Alinitazama kwa huruma. "Kwani Yesu balimuzika wapi? Mu hewa?" Sebastiani alianguka kwa kucheka. Njiani, tukipanda na vifurushi vya munyu mgongoni, nilimwambia nilichofikiri: shingo za juu zimevimba, za chini zimenyooka, juu wanakula chumvi ya duka, chini wanakula munyu wa majivu, huenda majani yale yanakusanya iodi. Sebastiani hakucheka tena. Alisimama katikati ya njia. "Feza," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu nzima.

Tulipima Jumamosi moja alasiri, baada ya masomo kuanza tena. Frère alitukubalia, nadhani, ili ninyamaze. Niliyeyusha munyu kwenye maji ya mvuke, yale yaliyosafishwa kwa kuchemshwa ambayo tuliyaweka chupani, nikatia asidi, nikatia chembe za dawa ya kuifungua iodi, kisha wanga, uji mwembamba wa mihogo tuliouomba jikoni. Kama iodi ipo, wanga hugeuka buluu. Uligeuka. Haukuwa buluu kali, ulikuwa kama anga ya asubuhi Masisi ukungu unapopasuka, lakini hata Frère aliinama akatazama. Sebastiani alipiga kelele, akavua koti la kazi, akatoka mbio. Nilimwona dirishani akishuka kilima kuelekea Kingi huku akimpungia mkono kila mtu. Nilibaki naosha mirija ya kioo.

Kesho yake nilipofika kwa Feza, chungu kilikuwa kikitokota na munyu wa kijivu ulikuwa ndani yake. Alikuwa amempa Sebastiani kikapu cha maharagwe kwa vifurushi vya munyu wetu, na wanawake wawili walikuwa wamekaa mlangoni wakingoja wao. Mkono wa Bahati ulikuwa umewekwa juu ya tumbo la mama yake, ingawa bado hapakuwa na kitu cha kugusa. Na Feza alikuwa anaimba. Nilikaa, nikapewa sahani, maharagwe na bugali, na munyu ulikuwa na uchungu mdogo nyuma ya ulimi. "Kula, docteur," akasema. "Nani alijua kama ile ginsi ya kuuliza-uliza ingezaa kitu?" Nilikula. Nilikuwa na furaha, sitaki mtu aseme sikuwa nayo. Lakini furaha yangu ina tabia mbaya: haikai bila kuulizwa cheti. Katikati ya tonge nilikumbuka kwamba hatukufanya jaribio la bure.

Nimejiuliza mara nyingi kama mtu mwingine angeliacha hapo. Jumatatu nilifanya kazi yote bila munyu: maji ya mvuke, asidi, dawa, wanga. Yakageuka buluu. Buluu ileile. Nikaenda nje, nikakinga maji ya mvua, nikayeyusha munyu wa Buleusa humo, nikarudia. Hayakugeuka. Nikaongeza munyu, nikangoja, nikaongeza tena. Mrija ulibaki mweupe kama chozi. Basi iodi ilikuwa kwenye maji yetu. Nilichukua chupa ya maji ya mvuke, nikatoa kizibo chake cha koki, nikakinusa. Kilinuka magoti ya utotoni, vidonda, benchi la zahanati. Ndipo mambo yakajulikana. Mwanzoni mwa muhula Frère alimwambia Sebastiani alete chupa ya dawa iliyo safi ya kuwekea maji. Kwa Frère, dawa zilikuwa zile za kabati la maabara. Lakini mtoto wa Bihambwe, ukimwambia chupa ya dawa, atakwenda wapi? Alikwenda zahanati, kwa wagonjwa. Aliomba chupa tupu, akapewa iliyowahi kuwa na iodi ya kupaka vidonda, akaiosha vizuri sana, na hakuna anayeosha kizibo. Frère Anselme alisikiliza, akawa mwekundu, akasema tu: "Andika: hakuna iodi."

Nilipomweleza, Sebastiani hakusema "pole" wala "kumbe". Alinishika kifua cha koti. "Nani alikutuma kurudilia? Nani?" Nikamwambia munyu hauna kitu. "Ilikuwa na kitu! Ilikuwa na Feza anaimba!" Nikamwambia wimbo si iodi. Aliniachia, akafuta mikono yake kwenye suruali kana kwamba mimi ndiye asidi. "Purkwa, weye ukienda mbinguni utamuuliza Mungu kitambulisho," akasema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha ndani ya sauti yake. Hakutaka kwenda nami Kingi. Nilikwenda peke yangu, nikamwambia Feza mbele ya moto wake. Alikoroga chungu hadi nikamaliza. Kisha akauliza kama munyu ni sumu. Nikasema hapana, ni munyu tu. "Basi nitakula," akasema, "sababu nilishalipa maharagwe." Majirani nao waliendelea kula. Niliwaeleza, mlango kwa mlango, na kila mlango ulinikaribisha, ukanipa kiti, ukanisikiliza hadi mwisho, ukasema: "Asante, mwanetu. Na ile munyu ingine mutaleta lini?"

Lakini kizibo kile kiliniachia jambo jingine. Iodi ilikuwepo. Ilikuwa kwenye rafu ya zahanati, chupa nzima, ikipakwa kila siku kwenye magoti ya wachezaji wa mpira, na kilichobaki ndani ya koki peke yake kilitosha kugeuza mirija yetu yote. Nilimwomba Frère matone machache kwa ajili ya Feza. Alinionyesha karatasi ya chupa, fuvu na mifupa miwili. "Hii ni ya nje ya mwili. Ndani ni sumu." Nikamwambia kila kitu ni sumu kwa kipimo chake, yeye mwenyewe alitufundisha. Akasema kipimo ni kazi ya daktari. Hakuwa mtu mbaya. Aliandika kwa daktari wa eneo siku hiyohiyo, nikamwona akiandika. Kisha barabara ilikatwa na maporomoko, kisha daktari alikuwa kwenye chanjo upande mwingine, kisha ikawa Kwaresima, na kila Jumapili nilipoingia kwa Feza tumbo lilikuwa limenitangulia.

Daktari alikuja baada ya Pasaka. Nilimsubiri nje ya zahanati nikamweleza yote kwa Kifaransa changu bora, iodi, shingo, Bahati, na jinsi nilivyosoma. Alinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote mwaka ule. Alisema nimefikiri sawasawa. Kisha akauliza: "Mimba ya mwezi wa ngapi?" Nikasema wa sita. Alivua miwani. "Ungekuja mwanzoni." "Mwanzoni nilikuwa hapa, Docteur. Na chupa ilikuwa hapa." Hakukasirika. Alisema watu wanaohitaji iodi katika milima hii hawahesabiki, kwamba ni chumvi yote ya eneo inayopaswa kutiwa dawa, kwamba ameshaandika juu, na huko juu wanamjibu kwamba ripoti imepokelewa. Akachanganya matone kwenye kichupa kidogo. "Kwa shingo ya mama, pengine. Kwa mtoto usimwahidi kitu." Nilimpa Feza kichupa bila kumwahidi kitu. Alikunywa kwa uaminifu, asubuhi kwa asubuhi, akikunja uso, na hakuimba.

Mtoto alizaliwa kiangazi, siku zile za mwisho wa masomo, wakati nyasi za vilima zinapokuwa za njano na vumbi linaingia hadi kwenye maziwa. Alikuwa msichana, mtulivu mno. Majirani walimsifu kwa utulivu huo. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu, cheti changu cha kemia kiko ndani yake, Feza aliponituma mtu nije. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, mtoto amelala mapajani, na kando yake ameweka sufuria na mfuniko. Hakuniuliza habari. "Weye ulisoma kupima," akasema. "Nipimie."

Nilipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Kope hazikutikisika. Nilisema huenda amelala sana. Feza akamwamsha, akamgeuzia uso kwake, na mimi nikachukua mfuniko nikapiga sufuria nyuma yake. Kuku walikimbia. Mtoto alimtazama mama yake kwa macho mapana, matulivu, wala hakugeuka. "Rudilia," Feza akasema. "Unapendaka kurudilia." Nikapiga tena. Bahati aliona mkono wangu ukipanda na kushuka, akadhani ni mchezo, akatafuta bati karibu na jiko, akaja kukaa nami, akapiga, huku akicheka bila sauti na kumtazama kila mmoja wetu ili tucheke naye. Tulipiga wote wawili. Kutoka shambani jirani mmoja akapaza sauti: "Nani iko anapiga ngoma kule? Kuko sikukuu?"

Feza hakuondoa macho kwenye uso wa mtoto. "Ndiyo, mama," akajibu kwa nguvu, ili asikike ng'ambo ya mihogo. "Kuko sikukuu."